Kwa nini Madame de Pompadour hakuvaa kito hata kimoja katika picha ya La Tour?

#1 Mpenda_Makumbusho
Wakuu, habari za jioni. Naomba tujadili picha moja tu. Katika jumba la makumbusho la Louvre mjini Paris ipo picha ya Madame de Pompadour, kimada rasmi wa Mfalme Louis wa 15, iliyochorwa kwa chaki za rangi na Maurice Quentin de La Tour na kuonyeshwa kwa umma katika maonyesho ya Salon ya mwaka 1755. Si picha ndogo ya kutundika sebuleni. Inakaribia mita 1.8 kwenda juu, na bibi mwenyewe amechorwa mzima. Ameketi, ameshika karatasi za muziki, na uso ameugeuza pembeni kana kwamba kuna mtu ameingia mlangoni. Mezani kuna tufe la dunia na vitabu vilivyopangwa migongo ikitutazama ili tusome majina yake. Nyuma yake limelazwa gitaa, na chini, karibu na miguu, lipo jalada kubwa la michoro lenye nembo yake ya minara mitatu.

Sasa mtazameni shingoni. Hakuna mkufu. Masikioni hakuna hereni, mikononi hakuna kikuku wala pete. Huyu ni mwanamke aliyeweza kuagiza chochote kwa sonara yeyote wa Paris. Dai langu ni kwamba vito vimeachwa kwa makusudi, kwa sababu watu walikuwa wamechoshwa na gharama zake, naye akaona heri aonekane msomi kuliko kuonekana mla kodi. Anayepinga alete hoja.

#2 Kaa_la_Moto
Ndugu mleta mada, mtu anayeogopa kuitwa mla kodi havai gauni lile. Ni hariri nyeupe iliyojaa matawi ya dhahabu na maua kuanzia kiunoni hadi sakafuni, na lasi zimeshuka kwenye viwiko tabaka juu ya tabaka. Labda vito vilikosa tu mahali pa kukaa.

#3 Bint_Chumbageni
Asante kwa uzi. Nakubali kwamba ni makusudi, ila sababu naiona kwingine, na nitaanza na tarehe. Jeanne-Antoinette Poisson alizaliwa Paris tarehe 29 Desemba 1721. Alitokea mbele ya mfalme wakati wa sherehe za ndoa ya mrithi wa kiti mwezi Februari 1745, na Septemba ya mwaka huohuo akatambulishwa rasmi Versailles akiwa na cheo cha marquise. Kufikia mwaka 1750 hivi mambo ya chumbani yalikuwa yamekwisha, lakini hakufukuzwa kama wengi walivyotarajia. Alihamia ghorofa ya chini ya kasri, mwaka 1752 akapewa hadhi ya duchesse, na Februari 1756 akaingia katika orodha ya wanawake wa heshima wa Malkia mwenyewe. Mwanamke aliyetoka kitandani lakini akabaki kasrini anahitaji kazi nyingine ya kumweka pale, na kazi aliyojipa ni urafiki na ushauri. Ndiyo maana mchongaji Pigalle alimchonga mwaka 1753 katika umbo la Urafiki.

Mlinganishe na mchoro wa mchoraji Boucher wa mwaka 1750 uliopo Harvard, Marekani, ambamo anajipaka rangi mashavuni, na mkononi amevaa kikuku chenye sura ya mfalme iliyochongwa kwenye jiwe. Kikuku kile kinatangaza yeye ni wa nani. Kwa La Tour kimevuliwa, na nafasi ya mfalme imechukuliwa na vitabu.

#4 Mzee_wa_Maktaba
Binti, umenena vizuri, ila vitabu vyenyewe hujavifungua. Ukivisoma migongo utakuta *Pastor Fido* ya Guarini, *La Henriade* ya Voltaire, *De l'esprit des lois* ya Montesquieu na juzuu ya nne ya *Encyclopédie*, ile kamusi kubwa ya maarifa ya Wafaransa. Miwili ya mwanzo haina kesi. Lakini kitabu cha Montesquieu, kilichotoka mwaka 1748, Kanisa lilikuwa limekitia katika orodha ya vitabu vilivyokatazwa mwaka 1751, na juzuu mbili za kwanza za *Encyclopédie* zilipigwa marufuku na Baraza la Mfalme Februari 1752. Leo kimada wa mfalme huyohuyo anachorwa akiwa nazo mezani, na picha inatundikwa Louvre mbele ya kila mwenye miguu ya kufika pale. Tusisahau kwamba daktari wake, Quesnay, aliyekuwa na makazi palepale Versailles, baadaye aliandika makala ndani ya *Encyclopédie*, na mwaka 1745 Voltaire alipata cheo cha mwanahistoria wa mfalme kwa kusaidiwa na bibi huyu. Kwa maoni yangu vito havipo kwa sababu vingeyavuta macho na kuyaondoa mezani.

#5 Kaa_la_Moto
Kwa hiyo ni tangazo la duka la vitabu, na bibi ni mwuzaji.

#6 Mama_Cherehani
Nawasalimu nyote. Ninyi mnasoma vitabu, mimi ninasoma nguo, maana ndiyo kazi yangu ya kila siku. Gauni alilovaa si vazi la kutokea mbele ya mfalme na mabalozi. Vazi hilo rasmi, ambalo Wafaransa waliliita *grand habit*, lilikuwa na kiwiliwili kilichokazwa kwa mifupa ya nyangumi na mkia mrefu wa kuburuta, na hapo ndipo almasi zilipotakiwa. Hili la kwenye picha ni *robe à la française*, gauni lenye mikunjo inayoshuka mgongoni tangu mabegani, nguo ya heshima lakini ya mtu aliyeko nyumbani kwake. Nywele nazo zimebanwa karibu na kichwa na kupakwa poda kidogo tu. Mkufu wa almasi juu ya vazi hilo asubuhi, mtu akiwa chumbani na nota zake, ungekuwa kituko.

Halafu lipo jambo la kifundi. Mteja akiniletea kitambaa chenye nakshi ya dhahabu kwa ajili ya harusi, mimi mwenyewe humwambia auache mkufu nyumbani, la sivyo nakshi na mkufu vitagombana na kila kimoja kitaonekana cha bei rahisi. Wengine hunikubalia, wengine huvaa vyote viwili na picha zao zinajieleza zenyewe.

#7 Mpenda_Makumbusho
Mama_Cherehani, hoja yako nzito, lakini haiui dai langu. Kama vazi la nyumbani ndilo lililozuia vito, nani alichagua vazi la nyumbani? Mtu huyohuyo angeweza kukaa mbele ya mchoraji akiwa na vazi la kasri na almasi zake zote. Na kwa Bint (#3), kikuku cha Harvard kipo juu ya mavazi ya chumbani kabisa, mtu hata hajamaliza kujipamba, kwa hiyo kuwa nyumbani peke yake hakuzuii kito.

#8 Mswahili_wa_Lyon
Nilipata kuiona picha yenyewe. Chumba kilikuwa na mwanga hafifu sana kwa sababu chaki hazivumilii mwanga wala kutikiswa, na La Tour mwenyewe alihangaika miaka mingi kutafuta dawa ya kuzishikiza kwenye karatasi. Ukisogea karibu unaona kioo kinakuonyesha wewe kabla ya kukuonyesha yeye, na ukitafuta pembe nzuri ndipo unagundua kwamba kazi nzima imeunganishwa kwa karatasi kadhaa, na uso umechorwa kwenye kipande chake peke yake kisha kikapachikwa. La Tour alikuwa mtu wa nyuso. Katika mji wake wa kuzaliwa, Saint-Quentin, kwenye makumbusho ya Antoine Lécuyer, zimehifadhiwa nyuso nyingi za maandalizi, vichwa vitupu visivyo na mabega, na wa Pompadour umo. Mtu anayefanya kazi namna hiyo huamua uso kwanza, na vingine vyote huja kuuhudumia. Lulu mbili masikioni zingeweka nukta nyeupe mbili pembeni mwa macho yale, na mchoraji mzuri hataki washindani hapo. Siyo siasa, ni ufundi.

#9 Jiwe_la_Pembeni
Mswahili_wa_Lyon, La Tour huyohuyo alichora watu wengi wenye mapambo na hakushindwa na lulu zao. Ufundi unaeleza namna ya kuweka kitu, hauelezi kwa nini hakipo.

Nami naleta jambo ambalo hamjaligusa. Mezani, ukingoni, inaning'inia karatasi ya chapa, yaani mchoro uliochapwa kutoka kwenye bamba lililochongwa, yenye maneno *Pompadour sculpsit*, yaani imechongwa na Pompadour. Alikuwa akichonga chapa kwa mkono wake, akinakili vito vilivyochongwa na Jacques Guay, fundi wa mawe wa mfalme. Kwa hiyo bibi si msomaji tu, ni fundi.

#10 Mzee_wa_Maktaba
Ni kweli kwamba alichonga, lakini chapa ile si yake. Imetoka katika kitabu cha Mariette juu ya mawe yaliyochongwa, *Traité des pierres gravées*, cha mwaka 1750, na inaonyesha fundi wa mawe akiwa kazini. Aliyeitengeneza ni comte de Caylus. Jina la Pompadour limewekwa pale kwenye picha tu. Sasa sijui tuiite heshima ya mchoraji kwa mteja wake au tuite uongo mdogo.

#11 Kaa_la_Moto
Uongo mdogo wenye sahihi ya Kilatini. Mzee, huku kwetu mtu akiweka jina lake kwenye kazi ya mwenzake tunafungua uzi mwingine kabisa.

#12 Jiwe_la_Pembeni
Mzee (#10), hata chapa ikiwa ya Caylus, hoja yangu inazidi kupata nguvu. Tazama imechaguliwa chapa ya nini: ya fundi wa mawe ya thamani. Vito vipo katika picha hii, ila vimehamishwa kutoka mwilini kwenda kwenye karatasi. Anayesema amevivua aseme pia kwamba ameviweka mezani vikiwa elimu.

#13 Pwani_ya_Kusini
Samahani kwa kuchelewa. Mbona hakuna aliyetaja msiba? Alikuwa na binti mmoja tu aliyebaki hai, Alexandrine, ambaye alifariki ghafla akiwa shuleni kwenye nyumba ya watawa mjini Paris mwezi Juni 1754, akiwa na umri wa miaka 9. Baba yake Pompadour alimfuata mjukuu siku chache baadaye. Picha inaonyeshwa mwaka uliofuata. Mama aliyezika mtoto na baba ndani ya mwezi mmoja anaacha kujipamba. Mimi nimeliona hilo kwa dada yangu, aliyekaa muda mrefu bila hereni baada ya kufiwa, na hakuna aliyemwagiza.

#14 Mama_Cherehani
Pole kwa dada yako, ndugu. Lakini msiba wa kasri la Ufaransa ulikuwa na sheria zake za rangi na vitambaa, na maua yale ya gauni hayamo. Aliyefiwa hachorwi akiwa bustani nzima.

#15 Pwani_ya_Kusini
Gauni linaweza kuwa lilichorwa kabla. Mzee amesema juzuu ya nne ya *Encyclopédie* imo mezani, na hiyo ilichapishwa mwaka 1754, kwa hiyo kazi ilikuwa ikiendelea mwaka uleule wa msiba. Uso umepachikwa peke yake (#8), na shingo na masikio yako pale kwenye uso, si kwenye gauni.

#16 Bint_Chumbageni
Hoja nzuri kuliko nilivyotegemea, ila inataka tujue uso ulipachikwa lini.

#17 Msomi_wa_Usiku
Nimesoma tangu mwanzo na ninashangaa Malkia hajaingia. Marie Leszczyńska alichorwa na Nattier mwaka 1748 bila taji wala joho la kifalme, akiwa na nguo ya kawaida ya mjini na Injili imefunguliwa mbele yake, na inajulikana kwamba ni yeye mwenyewe aliyetaka achorwe hivyo. Picha ile ilionekana katika Salon ya mwaka huohuo. Na katika mwaka huohuo La Tour naye alimchora Malkia kwa chaki, na mfalme pia. Kwa hiyo miaka saba kabla ya picha tunayoijadili, mke halali alikwishaonyesha watu wa Paris kwamba ukubwa wa kweli hauhitaji kung'aa. Pompadour alikuwa na akili ya kuliona hilo. Alichofanya ni kuchukua unyenyekevu wa Malkia, akaondoa Injili, akaweka Montesquieu.

Hapo ndipo naona ukali wa picha hii. Aliingia kasrini akiwa mtoto wa familia ya watu wa fedha, si mtoto wa ukoo wa kale, na watu walimtungia nyimbo za kejeli kwa kutumia jina la kwao, zikaitwa *poissonnades*. Almasi angezivaa, wangesema amenunuliwa. Unyenyekevu wa kidini angeuonyesha, wangecheka hadi kanisani. Elimu ndiyo njia pekee iliyokuwa wazi.

#18 Mpiga_Picha_Tabora
Naomba nichangie kwa uzoefu wa studio. Alikuja kwangu mama mmoja mfanyabiashara, maarufu kwa dhahabu, mtu ambaye unamsikia bangili zake kabla hujamwona. Alikuwa anagombea udiwani. Alivua kila kitu mbele ya kioo, akakipanga kwenye leso, akanikabidhi leso nimshikie, kisha akaomba meza na mafaili. Mafaili hayakuwa yake. Tuliyaazima kwa mhasibu wa duka la pili. Nilipomwonyesha picha ya kwanza aliikataa kwa sababu alama nyeupe ya pete ilionekana kidoleni, akataka mkono ufichwe chini ya karatasi. Nikisoma habari za vitabu vya Pompadour ninauona mkono ule. Mleta mada (#1) ana haki zaidi kuliko mnavyompa.

#19 Mzee_wa_Maktaba
Mpiga picha, mfano wako mtamu, ila mafaili ya Pompadour hayakuwa ya kuazima. Maktaba yake ilipotolewa orodha ya mauzo mwaka 1765, baada ya kifo chake, ilikuwa na zaidi ya vitabu 3,500. Muziki nao haukuwa pambo: kati ya mwaka 1747 na 1750 aliendesha jukwaa dogo la maigizo ndani ya Versailles, naye mwenyewe aliimba na kuigiza mbele ya mfalme.

#20 Simba_Mkongwe
Hayo yote sawa, lakini ni mwanamke huyuhuyu aliyeiingiza Ufaransa katika mapatano na Austria mwaka 1756, ikafuata Vita vya Miaka Saba, ikapoteza Kanada. Vitabu vilimsaidia nini?

#21 Mswahili_wa_Lyon
Mkuu, mapatano yalitiwa saini na nchi, na mfalme alikuwapo. Yeye alikuwa mlango wa mazungumzo, na mazungumzo yalianza mwaka 1755 kwa mkono wa Bernis, mwanadiplomasia wa Ufaransa. Tusimbebeshe Kanada nzima. Tukirudi kwenye picha: inasimuliwa kwamba La Tour alipoitwa Versailles alivua wigi, akafungua shingo na vifungo vya soksi, akajikalia kama yuko kwake, na mfalme alipoingia akalalamika kwamba aliahidiwa mlango ungefungwa. Inasimuliwa pia kwamba alidai livre 48,000 (fedha ya Ufaransa ya wakati ule) na akapelekewa 24,000, akakasirika, mpaka mchoraji mwenzake Chardin alipomtuliza kwa kumkumbusha jinsi wachoraji wengine wakubwa walivyolipwa kidogo.

#22 Jiwe_la_Pembeni
Hizo ni hadithi zilizozunguka midomoni mwa wachoraji, na kila msimuliaji aliongeza chumvi yake. Hata hivyo, zinakubaliana katika jambo moja, kwamba La Tour hakuwa mtu wa kuagizwa. Tumekuwa tukisema Pompadour alichagua hiki, Pompadour aliondoa kile. Boucher ndiye aliyekuwa mchoraji wa nyumbani kwake. La Tour angeweza kusema vito sitaki, na likawa hilo.

#23 Kaa_la_Moto
Mimi nimekwenda kuitafuta hiyo *La Henriade*, maana wote mmeipita kama haina neno. Ni utenzi wa Voltaire kumhusu Henri wa 4, mmoja wa mababu wa Louis wa 15. Katika wimbo wa tisa mfalme anasahau vita kwa ajili ya kimada wake, Gabrielle d'Estrées, mpaka rafiki yake Mornay anamfuata na kumrudisha kazini. Kati ya vitabu vyote vya dunia, kimada wa mfalme anaweka mezani kitabu ambamo kimada anamchelewesha mfalme. Ama hakukisoma, ama alikisoma vizuri kuliko sisi.

#24 Bint_Chumbageni
Kaa, kwa mara ya kwanza umechangia bila kutania, na umenisaidia. Kama alikisoma, basi anajiweka upande wa Mornay, si wa Gabrielle. Rafiki anayemrudisha mfalme kazini. Ndiyo hoja yangu ya #3.

#25 Msomi_wa_Usiku
Au ni sifa kwa ukoo wa mfalme tu, kwa kuwa Henri wa 4 alipendwa na watu, na kitabu hicho kilikuwa salama kuwekwa karibu na vile viwili vya hatari. Mtu akilalamika juu ya Montesquieu anaonyeshwa babu wa mfalme.

#26 Mama_Cherehani
Bint, nina swali moja kuhusu urafiki wako. Mwaka 1756 Boucher alimchora tena, picha kubwa iliyoko Alte Pinakothek mjini Munich, na ikaonyeshwa katika Salon ya mwaka 1757. Gauni ni la samawati ya kijani lenye mafundo ya riboni na mawaridi mengi, kuna mbwa wake miguuni, kabati la vitabu linaonekana kwenye kioo nyuma yake, na mkononi ameshika kitabu kilichofunguliwa. Msomi kamili. Lakini mkono huo una bangili za lulu. Mapenzi yalikwisha miaka sita kabla, tayari ni mwanamke wa heshima wa Malkia, yuko nyumbani kwake na vitabu vyake, na lulu zimerudi. Kama kuvua vito kulikuwa ndiyo lugha ya hadhi yake mpya, mbona aliisahau baada ya mwaka mmoja?

#27 Bint_Chumbageni
Kwa sababu mwaka 1756 hadhi ilikuwa imeshathibitishwa kwa cheo, na mwaka 1755 ilikuwa bado inatafutwa. Mwenye cheo anaruhusiwa lulu.

#28 Jiwe_la_Pembeni
Au kwa sababu ya pili alichora Boucher.

#29 Mpenda_Makumbusho
Nashukuruni wote. Kwa kuwa Mama_Cherehani ametufikisha Munich, naomba mwenye picha kubwa ya ile ya Boucher aiweke hapa, hasa sehemu ya mezani kwenye kalamu, nta na barua, tuone hiyo barua ina muhuri wa nani.